Kuandika hesabu ya nyumba: daftari, sanduku na simu

Katika Luka 14 Bwana Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, anayepaswa kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Mara nyingi tunahubiri fungu hilo juu ya gharama ya kumfuata Kristo, na ndiyo maana yake. Lakini wasikilizaji wa kwanza waliuelewa mfano huo upesi kwa sababu kila mtu alimjua jirani aliyeacha msingi bila kuta. Katika mitaa yetu ya Bukavu, Goma, Butembo, Bunia, Kalemie au Lubumbashi, misingi ya namna hiyo iko, na mingi haikuachwa kwa uvivu. Pesa zilikuwapo, zikapita, na hakuna aliyeweza kusema zilipita wapi.

Tuna desturi ya kuwafundisha wakristo wetu kutoa. Kuwafundisha kuandika wanachopata na wanachotumia tunakufanya mara chache, labda katika semina ya wamama au ya wachumba. Andiko hili linakusanya njia ambazo jamaa zetu zinatumia kufuata pesa zao, pamoja na faida na hatari ya kila moja.

Kwanza tuseme jambo moja. Mafundisho mengi ya bajeti yanaanza na mshahara wa mwezi: andika unachopokea, toa matumizi, weka akiba. Kwetu ni wachache wanaoishi hivyo. Mama anayeuza sambaza, kijana wa moto, fundi cherehani na mbeba mizigo wanapata pesa siku kwa siku. Mkulima wa milima ya Kivu anaona pesa hasa mara mbili kwa mwaka, baada ya mavuno ya Januari na ya Juni. Hata mwalimu mwenye mshahara anajua kwamba tarehe ya mshahara si yake. Kwa hiyo ukurasa mzuri wa bajeti ya mwezi unaachwa katika juma la pili. Hesabu inayodumu katika nyumba hizi ni ile inayolinda mipaka: kati ya franka na dola, kati ya mtaji na chakula, kati ya pesa yetu na pesa ya watu wengine. Pesa inapotea hasa pale inapovuka mipaka hiyo bila mtu kuandika.

Pesa mbili katika nyumba moja

Wazee wetu hawakuanza kuhesabu kwa dola kwa kupenda mambo ya kigeni. Zaire ilipoanza mwaka 1967, zaire moja ilikuwa na thamani ya dola 2 za Marekani. Tarehe 25 Desemba 1979, siku ya Noeli, serikali ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 zimefutwa, na watu walipewa muda mfupi wa kuzibadilisha, tena kwa kipimo. Waliokuwa wameficha akiba yao ndani ya godoro au chini ya udongo, mbali na benki, walibaki na karatasi. Mwaka 1993 ilikuja zaire mpya, na moja ilichukua nafasi ya zaire 3.000.000 za zamani. Mwaka 1998 ikaja franka ya Kongo, na franka moja ilikuwa sawa na zaire mpya 100.000. Mtu aliyepita katika hayo yote hahitaji kufundishwa kwa nini kodi ya nyumba inatajwa kwa dola.

Matokeo yake ni kwamba mama anapata franka sokoni kila siku, lakini mwenye nyumba anataka dola, na shule ya sekondari mara nyingi inataka dola. Ndiyo sababu daftari la nyumba linahitaji safu mbili, moja ya franka na moja ya dola. Usigeuze kichwani. Franka 20.000 ziandikwe kama franka 20.000 mpaka siku utakapokwenda kwa kambiste. Siku hiyo andika mambo matatu katika mstari mmoja: ulitoa franka ngapi, ulipata dola ngapi, na bei ya siku hiyo. Baada ya miezi michache utaona jambo ambalo kichwa hakikuonyeshi, yaani ni kiasi gani kinaliwa na kubadilisha tu, hasa kwa mtu anayenunua dola asubuhi na kuziuza tena jioni kwa sababu unga umekwisha.

Usifikiri pia kwamba dola inalinda kila kitu. Mwishoni mwa mwaka 2025 franka ilipanda thamani katika muda mfupi. Waliokuwa wameweka dola kwa ajili ya chakula walipokea franka chache kuliko walivyotazamia, na bei za soko hazikushuka kwa mwendo uleule. Kanuni nzuri ni kuweka akiba katika pesa ile utakayolipa nayo. Kodi na masomo yanayodaiwa kwa dola, weka dola. Chakula, dawa na usafiri, weka franka. Na dola uichunguze kabla ya kuipokea, kwa maana noti iliyochanika kidogo pembeni itakataliwa dukani hata kama thamani yake ni ileile.

Deni la mwezi linalodaiwa kwa dola linaweza kufanywa kuwa deni la siku kwa franka. Tuchukue mfano wa kodi ya dola 30, na dola moja ikiwa inabadilishwa kwa franka 2.300. Hiyo ni franka 69.000. Ukifanya kazi siku 26 kwa mwezi, unapaswa kutenga karibu franka 2.700 kila jioni. Kwa mtu wa moto au muuza ndizi, 2.700 ni kitu anachoweza kukishika mkononi. Dola 30 ni habari ya mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi humkuta mikono mitupu.

Mtaji na sufuria

Hapa ndipo biashara nyingi za wamama zinapokufa, na kifo chenyewe hakina kelele. Mama anakopa au anapokea mtaji, anauza vizuri kwa miezi mitatu, kisha siku moja hawezi tena kujaza beseni. Watu wanasema amerogwa au mume amekula pesa. Mara nyingine mume amekula kweli. Lakini mara nyingi sufuria ndiyo imekula, kidogokidogo, kwa sababu pesa ya mauzo yote ilikaa katika pembe moja ya kikwembe.

Tufanye hesabu pamoja. Mama ananunua sambaza za franka 40.000. Usafiri ni 3.000, na taksi ya soko 500. Jumla imetoka 43.500. Akiuza zote anapata 52.000. Faida yake ni 8.500. Akiwa na mafundo mawili, anarudisha 43.500 katika fundo la kwanza kabla ya kununua hata chumvi, na 8.500 inakwenda katika fundo la nyumba. Akiwa na fundo moja, anaona 52.000 na anajiona tajiri wa jioni ile.

Na hapa tunapaswa kusema jambo linalotuhusu sisi kanisani. Wamama wengi wanatoa fungu la kumi juu ya mauzo, kwa sababu hakuna aliyewaeleza. Katika mfano wetu, fungu la kumi la mauzo ni 5.200. Inabaki 3.300 ya faida. Kama nyumba inakula 5.000, mtaji umepungua 1.700, na baada ya safari 10 za namna hiyo umepungua 17.000. Fungu la kumi la faida ni 850, na inabaki 7.650 ya kulisha nyumba na kuweka akiba. Mwenye shamba katika Biblia alitoa sehemu ya kumi ya mavuno, na mbegu aliyopanda hakuihesabu mara ya pili kama mavuno. Mtaji ni mbegu. Mchungaji anayelieleza hili wazi hapunguzi sadaka ya kanisa lake. Mama mwenye biashara hai atatoa 850 mara nyingi, na aliyefilisika atakuja kwa shemasi kuomba msaada.

Njia za watu na mipaka yake

Kichwa ndicho daftari la kwanza, na tusikidharau. Wamama wa soko wanakumbuka madeni ya wateja 30 bila karatasi. Lakini kichwa kinakumbuka anachodai mtu vizuri kuliko anachodaiwa, na kinachoka wakati wa ugonjwa na wa msiba, yaani wakati ule ambapo pesa inatoka kwa wingi. Alama za makala ukutani au nyuma ya mlango ni hatua moja mbele, ingawa mgeni yeyote anaweza kuzisoma.

Mama asiyejua kuandika anaweza kutumia mbegu za maharagwe katika vikopo, mbegu moja kwa kila franka 1.000, kikopo kimoja cha kodi na kingine cha masomo. Pesa yenyewe inaweza kukaa mahali pengine salama. Mbegu zinasema tu imefika ngapi. Wengine wanamwita mtoto anayesoma aandike. Ni njia nzuri ya kumfundisha mtoto, ila afahamu kwamba madeni ya wazazi si hadithi ya kupeleka shuleni.

Bahasha zenye majina, au mikebe, zinafaa sana kwa mwenye mshahara. Udhaifu wake ni kwamba bahasha ya masomo iko karibu mno siku mtoto anapopata malaria.

Kuna karte, inayojulikana sana Kinshasa na katika miji mingine. Mkusanyaji anapita kila siku na karatasi yenye vyumba 31, unampa kiasi kilekile, anaweka alama. Mwisho wa mwezi anakurudishia pesa zako isipokuwa ya siku moja, ambayo ni malipo yake. Ukiweka franka 1.000 kwa siku 31, unapokea 30.000. Watu husema ni upuuzi kulipa ili kuweka akiba. Sisi hatuoni hivyo. Mama analipa 1.000 ili pesa itoke nyumbani kabla ya kuombwa na shemeji, na huduma hiyo ina thamani. Hatari iko kwingine: mkusanyaji akikimbia, karatasi yenye alama haishtaki mtu. Chagua mtu ambaye nyumba na kanisa lake unavijua, na usimwachie miezi miwili.

Likelemba, ambayo wengine wanaiita kirimba, haihitaji maandishi mengi kwa sababu pesa haikai: inakusanywa na kupewa mmoja siku ileile. Kinachofaa kuandikwa ni zamu, na kwamba pesa unayopokea siku ya zamu yako sehemu yake ni deni. Aliyepokea wa kwanza kati ya watu 10 amekopa kwa wenzake 9. Akiihesabu kama faida, ataona uchungu miezi tisa.

Vyama vya AVEC vimeenea katika parokia zetu nyingi za mashariki. Mfano wake ulianza Niger mwaka 1991, kati ya wanawake wa Maradi, kwa msaada wa shirika la CARE, na wengi wao hawakujua kusoma. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Kila mtu ana kijitabu, na kila sehemu anayonunua inagongwa muhuri mbele ya wote. Mwisho wa mkutano salio linasemwa kwa sauti, na mwanzo wa mkutano unaofuata wanachama wanalitaja kabla sanduku halijafunguliwa. Baada ya karibu mwaka mmoja wanagawana. MUSO nazo zina kasha tatu kwa rangi: kijani kwa akiba na mikopo, nyekundu kwa msaada wa ugonjwa na msiba, buluu kwa pesa inayotoka nje ya kikundi. Msomaji wa 2 Wafalme 12 hatashangaa: kuhani Yehoyada alitoboa tundu katika kifuniko cha sanduku, na pesa zilipokuwa nyingi, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja kuzihesabu pamoja.

Nyumba inaweza kuiga rangi hizo bila kikundi. Kasha nyekundu ndiyo tunayoisahau zaidi. Misiba, ndoa na wagonjwa vinatujia kama jambo la ghafula, lakini ukitazama daftari la mwaka mzima utaona vilikuja karibu kila mwezi. Vivyo hivyo Septemba haitushtui kwa haki. Tunajua kwamba mwezi huo mkulima anatafuta mbegu za msimu wa kwanza, na mzazi anatafuta sare, madaftari na minervali ya sekondari, hata kama shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019. Pesa ya Septemba inatoka katika mavuno ya Juni, au haitoki.

Simu

M-Pesa ilifika Kongo mwaka 2012, na Airtel Money na Orange Money pia zinatumiwa sana. Faida moja ambayo watu hawaioni ni kwamba simu inaandika hesabu yenyewe. Kila ujumbe una tarehe, kiasi, gharama na salio, na konti ya franka iko mbali na ya dola. Wengi wanafuta ujumbe huo ili kupata nafasi ya picha. Usiufute kabla ya kuandika. Andika hasa gharama ya kutoa pesa, kwa maana ni ndogo kila mara na haikumbukwi kamwe. Mtu anayetoa mara nne kwa juma analipa mara nne.

Benki zilipofunga milango Goma mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, wengi walibaki na simu na pesa ya mkononi tu. Tulijifunza kwamba akiba isikae mahali pamoja, na kwamba salio liandikwe kwenye karatasi kila Jumamosi, kwa sababu simu inaibiwa na betri inakwisha. Namba ya siri haiandikwi katika daftari hilo.

Baba, mama na daftari moja

Daftari linalojulikana na mmoja tu linaweza kuwa silaha. Tumesikia katika mashauri ya ndoa baba akimsomea mama matumizi ya miezi sita kama hakimu, huku ya kwake ya bia au ya simu hayakuandikwa. Heri liwe wazi juu ya meza, na lisomwe na wote wawili siku moja ya juma, kwa dakika kama 20, watoto wakiwa wamelala. Anayeandika asiwe ndiye pekee anayetunza pesa.

Je, kila franka ijulikane? Kwa maoni yetu hapana. Kila mmoja apewe kiasi kidogo kisichoulizwa, sawa kwa baba na kwa mama. Nyumba inayodai maelezo ya kila sukari inazaa uongo mdogomdogo, na baada ya muda mama anakuwa na likelemba ya siri na baba anataja nusu ya mshahara.

Mchungaji na jamaa yake wana shida ya pekee. Pesa ya kanisa inalala nyumbani kwao mara nyingi kwa sababu hakuna mahali pengine, na mtoto akiugua usiku, mkono unajua iliko. Paulo, alipopeleka mchango wa makanisa, alituma Tito pamoja na ndugu wengine ili mtu asipate neno la kulaumu. Hilo liko katika 2 Wakorintho 8. Mwekahazina na mwingine mmoja wahesabu, watie sahihi, na pesa ilale kwa yule ambaye si mchungaji. Kuku, ndizi na maharagwe ambayo waumini wanaleta yaandikwe pia katika daftari la nyumba ya mchungaji, kwa bei ya soko, la sivyo hatajua kamwe nyumba yake inaishi kwa nini, na baraza litafikiri posho inatosha.

Ukurasa wa madeni

Kama nyumba haiwezi kuandika kila siku, iandike angalau ukurasa mmoja: upande wa kushoto tunaowadai, upande wa kulia wanaotudai. Jina, kiasi, aina ya pesa, tarehe, na shahidi. Garanti uliyompa mwenye nyumba iwekwe upande wa kushoto, kwa maana ni pesa yako inayokaa kwake. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inaweka mwisho wa miezi 3 kwa nyumba ya kukaa. Ukiwa umetoa zaidi, andika zaidi, pamoja na namba ya risiti.

Ukurasa huu ndio unaotafutwa siku mume anapofariki. Kabla ya matanga kwisha wanakuja watu wanaosema marehemu aliwakopa, na wale aliowakopesha hawaonekani. Mjane asiye na karatasi analipa madeni asiyoyajua. Mwenye ukurasa, wenye sahihi ya marehemu na ya shahidi, anaweza kuuliza tarehe na jina, mbele ya mchungaji na wakubwa wa jamaa. Picha ya ukurasa huo ikae katika simu ya mtu mwingine wa kuaminika, katika mji mwingine ikiwezekana, na ipigwe upya kila mara deni linapoongezwa au kufutwa.